Karatasi sita: jinsi ya kumpima mgombea na kuchuja uzushi kabla ya Agosti 2027

Tarehe 8 Agosti 2022, siku moja kabla ya uchaguzi, shangazi yangu alinipigia simu kutoka Likoni. "Wasema kura ya gavana haipo kesho," akaniambia. Nikacheka. Wiki nzima nilikuwa nikiwaonya watu wa ukoo wetu wasisambaze uzushi, na huu nikauona ndio uzushi wenyewe, tena umepikwa vibaya. "Shangazi, hiyo ni propaganda. Usiipeleke mbele." Baadaye nikafungua runinga, na hapo alikuwa mwenyekiti wa IEBC, tume ya uchaguzi ya Kenya, akieleza kwamba karatasi za kura za ugavana za Mombasa na Kakamega zimechapishwa na makosa, na kura hiyo imeahirishwa. Tarehe 9 tulipiga karatasi tano. Ya sita tuliirudia tarehe 29 Agosti, kwenye foleni fupi, wengine wameshachoka.

Shangazi hakunisuta. Alisema tu, "Na wewe si ndiye msomi?"

Ndiyo maana mwongozo huu haukwambii usiamini chochote. Kukataa kila kitu ni uvivu uleule wa kukubali kila kitu, umevaa miwani tu. Ninachotaka uzoee ni swali moja, na utaliuliza kwa mgombea na kwa ujumbe wa WhatsApp vilevile: hili limeandikwa wapi, na nani, lini?

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, tarehe 10 Agosti 2027, maana Katiba imeufunga kwenye Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano. Utapewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mwakilishi wa wanawake, mbunge na mwakilishi wadi. Wengi wetu huingia kituoni tumeamua moja, zile nyingine tano tunafuata rangi ya chama kwa sababu tumeambiwa jukwaani tupige "suti". Kazi yote iliyo hapa chini ni ya zile tano. Ya rais nayo utajifunzia humohumo.

Hatua ya kwanza: ijue kazi kabla ya kumjua mwombaji

Chukua daftari, ukurasa mmoja uugawe mafungu sita. Kabla hujaandika jina la mtu yeyote, andika kazi ya kila cheo. Ukimwajiri mpishi humuulizi kama ajua kuendesha lori, lakini kwenye siasa ndivyo tufanyavyo kila miaka mitano.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 ndilo lililogawa kazi kati ya Serikali Kuu na kaunti. Gavana anasimamia hospitali za kaunti na zahanati, barabara za kaunti, maji na maji taka, masoko, takataka, kilimo, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na sekondari si zake. Polisi si wake. Hospitali kuu za rufaa za kitaifa si zake.

Seneta kazi yake ni kuitetea kaunti kule Nairobi, hasa mapato yanapogawanywa, na kumwita gavana aeleze pesa zilikokwenda. Seneta hajengi barabara. Mbunge anatunga sheria, anapitisha bajeti ya taifa na kuikagua Serikali Kuu. Madarasa na basari tunazomhesabia zilitoka kwenye CDF, mfuko wa kuendeleza maeneo bunge, ambao Mahakama Kuu mwaka 2024 ilisema sheria yake inakwenda kinyume na Katiba. Kwa hivyo mgombea ubunge ambaye ahadi zake zote zinategemea mfuko huo muulize: ukiondolewa, wewe utabaki na nini? Mwakilishi wa wanawake, ambaye tumezoea kumwita Mama Kaunti, anakaa kwenye bunge lilelile na mbunge na kura yake ina uzito uleule. Watu humpima kwa mizinga ya nyuki na mahema aliyowapa akina mama, kisha wanasahau kuuliza alipiga kura gani kwenye muswada wa fedha.

Mwakilishi wadi, MCA, wazee wetu bado wamwita diwani. Huyu ndiye anayedharauliwa kuliko wote, na ndiye aliye karibu nawe kuliko wote. Kenya ina wadi 1,450. MCA wako ndiye anayepitisha bajeti ya kaunti, anayewachuja mawaziri wa kaunti, na anayepaswa kumsimamisha gavana na kumuuliza kwa nini dawa hazipo zahanati. Ukichagua mtu asiyeweza kusoma kitabu cha bajeti, gavana atamlaza usingizi kwa safari mbili za nje. Nikiwa na saa moja tu ya kuchunguza wagombea, ningeimaliza yote kwa MCA.

Sasa pitisha ahadi za kwetu Pwani kwenye daftari hilo.

Hatimiliki. Kila uchaguzi hatimiliki zinaahidiwa kama peremende. Hati hutolewa na Wizara ya Ardhi, ambayo ni ya Serikali Kuu, na Tume ya Kitaifa ya Ardhi ndiyo iliyopewa na Katiba kazi ya kuchunguza dhuluma za kale za ardhi. Mbunge anaweza kusukuma, kuuliza maswali, kuleta muswada. MCA anayekuapia kwamba atakupa hati kabla ya Krismasi anakuuzia mali isiyo yake.

Bandari. Amri ya kurudisha shughuli za kutoa mizigo Mombasa ilitolewa na Rais Septemba 2022. Hakuna gavana aliyeirudisha, na hakuna gavana atakayeiondoa, ingawa wapo waliopigia debe mambo haya kana kwamba funguo za geti ziko mfukoni mwao.

Daraja la Likoni. Ni mradi wa Serikali Kuu kwa mkopo wa Japani. Mgombea udiwani akikwambia atalijenga, usibishane naye. Muulize taa za barabarani za mtaa wenu zitawaka lini, maana hizo ndizo zake.

Hatua ya pili: iulize ahadi pesa

Katika mwaka wa fedha wa 2025/26 kaunti zote 47 ziligawana shilingi bilioni 415 kutoka hazina ya taifa. Gawanya sawasawa na utapata chini ya bilioni tisa kwa kaunti, ingawa mgao wenyewe hauko sawa. Ndani ya hizo kuna mishahara ya wauguzi, madaktari na makarani, na madeni ya wakandarasi ambayo gavana mmoja humwachia mwenzake. Kinachobaki cha kujengea ni kidogo kuliko sauti za jukwaani.

Kwa hivyo mgombea akiahidi hospitali mpya kila wadi, fanya hesabu ya dukani: wadi ngapi, hospitali moja bei gani, madaktari watalipwa na nani mwezi wa kumi na tatu? Si lazima upate jibu kamili. Inatosha kujua kama mwenyewe amewahi kuliwaza.

Kila kaunti pia ina mpango wake wa maendeleo wa miaka mitano, unaoitwa CIDP. Ulioko sasa ni wa 2023 hadi 2027. Ni kitabu kinene na kinachosha, lakini huhitaji kukisoma chote. Kipakue kutoka tovuti ya kaunti, tafuta jina la wadi yako, soma kurasa hizo tu. Utaona kilichoahidiwa kwa maandishi. Kisha toka nje utembee uone kilichojengwa. Nilifanya hivyo kwa mtaa wetu huku Kisauni Jumamosi moja, na nilirudi nyumbani na picha ya mtaro ambao kitabuni umo na ardhini haumo.

Hatua ya tatu: fukua karatasi alizoacha nyuma

Hapa ndipo penye kazi, na ndipo watu wanapokata tamaa. Nitakwambia njia nizijuazo, kuanzia ya rahisi.

Akiwa ameshika cheo tayari, anza na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Ofisi yake hutoa ripoti kila mwaka kwa kila kaunti, na ripoti ya peke yake kwa CDF ya kila eneo bunge. Zimo kwenye tovuti yake, bure. Mwanzoni mwa ripoti kuna maoni ya mkaguzi, nayo ni ya aina nne: hesabu safi, hesabu zenye walakini, hesabu mbaya, na ile ambayo mkaguzi anakataa kabisa kutoa maoni kwa sababu hakupewa hata risiti. Ukikuta hiyo ya mwisho miaka miwili mfululizo, huhitaji kuendelea kusoma. Ukikuta ya pili, soma sababu, maana walakini mwingine ni wa karani aliyekosea hesabu na mwingine ni wa mradi uliolipwa wote ukajengwa nusu. Msimamizi wa Bajeti naye hutoa ripoti zinazoonyesha kaunti ilitumia kiasi gani kwa maendeleo na kiasi gani kwa safari na vikao. Jedwali la safari lina ladha yake.

Akiwa mbunge au seneta, tafuta jina lake kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya kila neno lililosemwa bungeni. Shirika la Mzalendo, lililoanzishwa mwaka 2005 ili kuwafuatilia wabunge, hutoa orodha ya kila mwaka ya waliozungumza na walionyamaza. Orodha hiyo ni nzuri kwa kuanzia, lakini usiiabudu. Kuna mheshimiwa anayesimama kila siku kusema "naunga mkono" akakaa, na kuna mwingine asiyesikika ukumbini lakini anafanya kazi ya kweli kwenye kamati. Soma alichosema, usihesabu mara tu. Hansard za mabunge ya kaunti ni shida zaidi, nyingine hazipandishwi mtandaoni kwa miezi. Hapo itabidi umuulize mwenyewe: ni hoja gani uliyowasilisha, na ilifika wapi?

Akiwa mgeni kwenye siasa, usimhesabie ugeni kuwa usafi. Kila mtu mzima ameacha nyayo mahali: chama cha ushirika alichowahi kuwa mweka hazina, kamati ya msikiti au kanisa, bodi ya shule, kampuni iliyopewa zabuni na kaunti, wafanyakazi aliowalipa au asiowalipa. Nenda kawaulize watu waliowahi kumdai. Mweka hazina aliyeshindwa kueleza elfu thelathini za chama cha kuzikana hatageuka malaika akipewa mabilioni.

Kwa kesi za mahakamani, tovuti ya Kenya Law ina hukumu kwa majina. Angalia mambo mawili. La kwanza, majina hufanana, hasa kwetu ambako Mohamed Ali wako wengi kuliko minazi. Hakikisha ni mtu yuleyule. La pili, tofautisha kushtakiwa na kuhukumiwa. Sura ya Sita ya Katiba inazungumzia uadilifu wa viongozi kwa maneno mazito, lakini Kifungu cha 99 humzuia, kwa mfano, aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, au aliyethibitishwa kisheria kwamba aliivunja Sura hiyo, na hata huyo hazuiwi mpaka rufaa zake zote ziishe. Kabla ya uchaguzi wa 2022 tume ya kupambana na ufisadi, EACC, ilipeleka kwa IEBC majina zaidi ya 200 ya watu waliotiliwa shaka, na wengi wao walipita wakaingia kwenye karatasi. Mtu kuwepo kwenye karatasi ya kura maana yake ni kwamba sheria haikumzuia, basi. Cheti cha tabia njema bado hujakiona.

Hatua ya nne: mfuate mahali asipo na spika

Mikutano mikubwa ni maonyesho. Nenda kwenye baraza, maskani, nyumba ya matanga, ukumbi wa shule, popote anapokaa na watu thelathini. Uliza swali moja fupi lenye namba: "Mheshimiwa, hiyo pesa itatoka fungu gani?" Au: "Zahanati yetu ina wauguzi wangapi sasa hivi?" Tazama kama anajibu, kama anasema "sijui, nitatafuta" (mimi huyu humpa alama), au kama anageuka kuwa mcheshi. Mcheshi mwogope.

Na pesa za mkononi? Sitakuhubiria. Najua bei ya unga, na nimeona watu wenye heshima zao wakipokea mia mbili kwenye foleni ya leso. Lakini sheria ya makosa ya uchaguzi ya mwaka 2016 inamtia hatiani anayetoa hongo na anayepokea. Halafu ile mia mbili igawanye kwa siku za miaka mitano, 1,826. Ni kama senti kumi na moja kwa siku.

Hatua ya tano: ujumbe unapoingia kwenye simu

Kwanza ujue uzushi mwingi haukuzuka wenyewe. Una mafundi na una malipo. Mwaka 2021 shirika la Mozilla lilichapisha uchunguzi kuhusu Wakenya wanaolipwa kati ya dola 10 na 15 kusukuma mada kwenye Twitter mpaka zionekane kama hasira ya wananchi. Kabla ya uchaguzi wa 2017 zilisambaa video zilizotengenezwa zifanane na taarifa za BBC na CNN, zikitangaza matokeo ya utafiti ambao haukuwepo. Mashirika yote mawili yakazikana. Mwaka 2018 mameneja wa Cambridge Analytica walirekodiwa kwa kamera ya siri wakijisifu jinsi walivyoendesha kampeni za Kenya. Usipoteze muda kujiuliza kama wewe ni mwerevu kuliko mafundi hawa. Jenga mazoea tu, kama mtu anavyofunga mlango kila usiku bila kufikiria wezi.

Mazoea ya kwanza: ujumbe ukikuchemsha damu, weka simu chini. Hasira na furaha ya ghafla ndizo zinazotufanya tubonyeze kabla ya kusoma. Ukiona maandishi "Imesambazwa mara nyingi" juu ya ujumbe, jua aliyekutumia hakuuandika na huenda hakuusoma.

Mazoea ya pili ni picha. Usibishane na picha, itafutie kwao. Ipige picha ya skrini, kata maandishi yaliyobandikwa juu, ipeleke kwenye Google Lens au TinEye, kisha tazama ilionekana mtandaoni kwa mara ya kwanza lini. Picha ya umati mkubwa wa mgombea wa leo hugeuka kuwa mazishi ya mtu mwingine miaka sita iliyopita. Video za masanduku yanayojazwa kura huzunguka Afrika nzima, kila uchaguzi zinavishwa bendera mpya. Kwenye video tazama vibao vya maduka, namba za magari, sare za askari, upande wa barabara magari yanapopita. Sikiliza lugha ya watu walio nyuma, wale wasiojua wanarekodiwa. Wazushi husahau watu wa nyuma.

Barua zenye nembo ni ugonjwa wa peke yake. Barua ya "IEBC" inaahirisha uchaguzi, ya chama inamwondoa mgombea, ya wizara inatangaza likizo. Ukurasa wa mbele wa gazeti nao unatengenezwa kwa dakika kumi. Dawa ni moja: usiikague barua yenyewe, nenda kwenye mlango wa aliyesemekana kuiandika. Fungua tovuti ya tume au ukurasa wa gazeti, kwa kuandika anwani mwenyewe, si kwa kubonyeza kiungo kilichomo kwenye ujumbe. Tiki ya buluu kwenye X si ushahidi siku hizi, inanunuliwa. Na hapa ndipo nilipokosea mwaka 2022: niliipima habari ya shangazi kwa sura yake, nikaona haiingii akilini, nikaitupa. Ningefungua ukurasa wa IEBC ningeijua kweli kwa dakika mbili.

Sauti za kutengenezwa kwa akili unde zitakuwa nyingi 2027 kuliko 2022, kwa sababu ni rahisi kuliko video na hupita kwenye simu yoyote. Sauti ya mgombea akitukana kabila fulani, imerekodiwa "kwa siri", haina mwanzo wala mwisho. Jiulize: ilirekodiwa wapi, nani alikuwepo, mbona hakuna aliyejitokeza kusema nilikuwa pale? Sikiliza pia Kiswahili chake. Mtu wa Lamu, wa Taita na wa Kakamega hawatamki sawa, na mashine mara nyingi hutoa Kiswahili cha msomaji habari. Lakini usitegemee sikio peke yake, mashine zinajifunza. Kama sauti imeibuka siku mbili kabla ya kura na hakuna chombo cha habari kilichoithibitisha, iache ipite.

Ukikwama, wapo wanaofanya kazi hii kwa mshahara: PesaCheck, Africa Check, na Piga Firimbi ambao hata jina lao lina sauti ya kwetu. Tafuta madai hayo kwenye kurasa zao. Mengi yameshachunguzwa kabla hujayaona.

Jambo la mwisho kwenye hatua hii ni gumu kuliko yote: kumsahihisha mkubwa wako. Mjomba ametuma uzushi kwenye kikundi cha ukoo, wapo watu sitini. Ukimjibu hapo hadharani umemvunjia heshima, na atautetea uzushi ule mpaka kaburini. Mtumie faraghani: "Shikamoo mjomba. Nimeona ile picha, nikaitafuta, naona ni ya mwaka 2019. Naogopa watu wasije wakakulaumu." Mara nyingi atauondoa mwenyewe, tena atajisifu kwamba aligundua.

Hatua ya sita: namba za utafiti wa maoni

Kuna sheria ya mwaka 2012 kuhusu tafiti za maoni ya wapigakura. Mchapishaji anatakiwa aseme nani aliagiza na kulipia, waliulizwa watu wangapi, lini, na kosa linaloweza kuwemo ni asilimia ngapi. Vilevile haruhusiwi kuchapisha matokeo ya utafiti katika siku tano za mwisho kabla ya kura. Kwa hivyo ukiletewa "utafiti mpya" siku ya Jumapili kuelekea Jumanne, hata ukiwa wa kweli ni haramu, na kwa kawaida hata wa kweli si.

Tazama pia kosa lile. Mgombea wa kwanza akiwa na asilimia 46 na wa pili 44, kosa likiwa asilimia tatu, basi mtafiti hajui nani yuko mbele, na wewe pia hujui. Kichwa cha habari kitasema "aongoza". Ukisikia mtu anakwambia usimpe kura fulani kwa sababu "keshashindwa", mkumbushe 2022. William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Tofauti ni 233,211, na vituo vya kura vilikuwa 46,229. Ni kura tano kwa kila kituo. Watu watano hawajazi hata nusu ya matatu.

Hatua ya saba: wiki ya mwisho na siku yenyewe

Hakikisha mapema jina lako limo kwenye sajili na kituo chako ni kipi, kupitia IEBC wenyewe. Hakuna kupiga kura kwa ujumbe wa simu. Hakuna siku ya chama hiki na siku ya chama kile. Utapiga kwa kitambulisho au pasipoti uliyojiandikishia, na ile slipu ya usajili ukiipoteza huzuiwi.

Jaza majina kwenye daftari lako usiku wa kuamkia kura, mafungu yote sita. Palipo na fungu ambalo hakuna aliyekuridhisha, andika jina la anayeweza kuzuiwa na wengine kwa urahisi zaidi. Ndivyo nifanyavyo mimi. Wewe una akili yako. Lisome mara mbili, uliweke kichwani, daftari libaki nyumbani. Usipige picha karatasi ya kura, hata kama kuna aliyekuahidi chochote ukimwonyesha.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, na hufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni saa kumi na moja inapogonga atapiga, hata giza likiingia. Kwa hivyo ujumbe wa saa tisa unaosema "kituo cha fulani kimefungwa, rudini nyumbani" usiusikilize. Nenda ukaone lango kwa macho yako, au mpigie mtu aliye pale.

Kura zikishahesabiwa, msimamizi wa kituo hujaza Fomu 34A ya kura za urais, mawakala wanatia sahihi, na nakala inabandikwa mlangoni. Baada ya hapo runinga zitakuwa na namba zao, vyama vina zao, na mitandaoni kutakuwa na fomu za kughushi. Mwaka 2022 IEBC ilipandisha fomu hizo kwenye tovuti kila mtu azione, na Mahakama ya Juu ilipolinganisha zilizopandishwa na za karatasi haikupata tofauti kubwa. Kabla hujarudi nyumbani, ipige picha ya fomu ya mlangoni kwenu, namba na sahihi zisomeke. Kesho yake fungua tovuti ya tume, tafuta kituo chako kwa jina la kaunti, eneo bunge na wadi, uziweke mbili hizo sambamba. Mimi nitaipeleka yangu kwa shangazi aikague kwanza.